Bosi Akikulipia Bima ya Afya: Kodi Inaingia Wapi?

Leo tunaongea na wewe uliyeajiriwa, hasa katika kampuni ndogo, duka, shule ya kibinafsi, saluni au karakana, mahali ambapo hakuna idara kubwa ya kushughulikia wafanyakazi. Bosi ni mtu mzuri. Anataka uwe na bima ya afya ya kibinafsi juu ya ile ya SHA. Kwa hivyo kila mwisho wa mwezi simu yako inalia: KSh 4,000 zimeingia. Bosi anakuandikia, "Hiyo ni ya bima."

Unafurahi, na una haki ya kufurahi. Lakini hapo pana swali ambalo watu wengi hawalifikirii mpaka Juni ifike na KRA iwangojee na ritani: hiyo KSh 4,000 ni bima, au ni mshahara?

Jibu fupi ni hili. Kwa upande wa kodi, lile neno "bima" ambalo bosi ameandika halina nguvu sana. Kinachoamua ni njia ambayo pesa imepitia. Pesa ileile, kiasi kilekile, kwa bima ileile, inaweza kukosa kodi kabisa au ikatozwa kodi kama mshahara mwingine wowote. Tofauti yake kwa mwaka inaweza kupita KSh 8,000 kutoka mfukoni mwako.

Tutaeleza polepole, na hesabu tutazifanya pamoja. Viwango tunavyotumia ni vya mwaka wa mapato wa 2025.

Kwanza, tusichanganye bima mbili

Kabla hatujaenda mbali, tutenganishe vitu viwili ambavyo watu huviweka kapu moja.

Ya kwanza ni SHIF, ile Hazina ya Bima ya Afya ya Jamii iliyochukua nafasi ya NHIF kuanzia Oktoba 2024. Hii ni lazima. Unakatwa asilimia 2.75 ya mshahara wako wote kabla ya makato, na kiwango cha chini ni KSh 300 kwa mwezi. Mwajiri anakata na kupeleka, lakini yeye haongezi chake juu. Tangu tarehe 27 Desemba 2024, pesa hii huondolewa kwenye mshahara wako kabla ya PAYE kuhesabiwa. Yaani hulipii kodi ile sehemu iliyoenda SHIF.

Zamani, enzi za NHIF, kulikuwa na unafuu wa asilimia 15 juu ya mchango huo. Huo umeondolewa. Kwa hivyo ukijaza ritani, usijaribu kuidai SHIF tena kama unafuu wa bima. Manufaa yake umeshayapata kwenye karatasi yako ya mshahara.

Ya pili ni bima ya kibinafsi, ile unayonunua kwa kampuni ya bima ili ikulipie hospitali unayotaka. Hii si lazima. Somo la leo linahusu hii.

Njia tatu za shilingi moja

Bima ya kibinafsi inaweza kulipwa kwa njia tatu. Mwajiri anaweza kulipa moja kwa moja kwa kampuni ya bima. Anaweza kukupa pesa mkononi, kwenye benki au kwenye simu, ili ulipe mwenyewe. Au unaweza kulipa wewe kutoka mshahara wako bila msaada wa mtu. Tuziangalie moja moja.

Njia ya kwanza: mwajiri analipa kampuni ya bima

Sheria ya Kodi ya Mapato ya Kenya inasema wazi: ada ya bima ya matibabu ambayo mwajiri anaitoa kwa niaba ya mfanyakazi wa muda wote au wanaomtegemea, kwa kampuni ya bima iliyoidhinishwa, haihesabiwi kuwa mapato ya mfanyakazi huyo. Soma tena kwa makini. Kuna mambo matatu ndani yake.

Moja, wewe ni mfanyakazi wa muda wote. Kibarua wa siku mbili kwa wiki asijipe matumaini kwa kifungu hiki.

Mbili, kampuni ya bima iwe imeidhinishwa nchini. Hapa Kenya anayesimamia ni Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA. Mpango wa kuchangishana wa kikundi, hata uwe mzuri namna gani, si bima mbele ya sheria hii.

Tatu, mwajiri ndiye anayelipa, na analipa kwa niaba yako. Pesa haipiti mikononi mwako.

Masharti hayo yakitimia, ada hiyo haiingii kwenye PAYE. Wala hailetewi makato ya SHIF au ya nyumba, kwa sababu si pesa taslimu uliyolipwa. KSh 4,000 ikitoka kwa bosi, ni KSh 4,000 inayofika kwa kampuni ya bima.

Na je, lazima iwe bima ya kikundi? Wengi hudhani msamaha huu ni wa kampuni kubwa zenye mpango wa watu mia tano. Sheria inataja bima ya matibabu anayolipa mwajiri kwa niaba ya mfanyakazi. Mwajiri mwenye wafanyakazi wanne anaweza kulipia kila mmoja mkataba wake. Ila tunamshauri aandike. Karatasi moja inatosha: kwamba duka hili linawalipia wafanyakazi wake wote wa muda wote bima ya afya, kiasi gani, na kwa kampuni gani. Mpango ulioandikwa na unaowahusu wote ni rahisi kuutetea. Akimlipia mtu mmoja tu, kimyakimya, bila karatasi, maswali hayatakosa.

Wenye biashara wenyewe, washirika na wakurugenzi wasiofanya kazi muda wote katika kampuni, wao wana kikomo cha KSh 1,000,000 kwa mwaka. Kinachozidi hapo hutozwa kodi. Kwa mfanyakazi wa kawaida hilo halikuhusu.

Njia ya pili: mwajiri anakupa pesa ulipe mwenyewe

Hapa ndipo ile KSh 4,000 ya kwenye simu inaingia.

Pesa taslimu anayokupa mwajiri kwa sababu ya kazi yako ni mapato. Iitwe marupurupu ya matibabu, iitwe pesa ya bima, iitwe zawadi ya kila mwezi, mlango ni uleule. Ikitumwa kwenye simu badala ya benki, bado ni pesa taslimu. Simu haibadilishi jina la pesa.

Kwa hivyo kisheria mwajiri anapaswa kuijumlisha kwenye mshahara wako, akate SHIF, akate ya nyumba, akate PAYE, ndipo akupe kinachobaki. Akituma KSh 4,000 nzima bila kukata chochote, hajakusaidia. Ameacha deni likiwa limelala. KRA ikikagua vitabu vyake siku moja na kukuta malipo ya kila mwezi kwenda kwa wafanyakazi wake kwa simu, itamdai PAYE ambayo hakuikata, pamoja na faini na riba ya asilimia 1 kwa kila mwezi. Na bosi aliyedaiwa hivyo, unajua mwenyewe, hatabaki bosi yule yule wa kutuma pesa za bima.

Hata hivyo njia hii ina kitu kimoja cha kukupa. Kwa kuwa pesa imeshatozwa kodi na wewe ndiye uliyelipa bima, unaruhusiwa kudai unafuu wa bima. Tutaufikia sasa hivi.

Njia ya tatu: unalipa mwenyewe

Hapa bosi hayumo. Unatoa kwenye mshahara wako ambao umeshakatwa kila kitu, unalipa kwa Paybill ya kampuni ya bima, mwisho wa habari. Watu wengi wanaishia hapo, na wanaacha hela yao kwa serikali bila kujua.

Serikali inakupa unafuu wa asilimia 15 ya ada uliyolipa, mradi usipite KSh 5,000 kwa mwezi, yaani KSh 60,000 kwa mwaka. Kwa ada ya KSh 4,000, asilimia 15 ni KSh 600. Hiyo KSh 600 inapunguzwa kwenye kodi yenyewe unayodaiwa. Kwa mwaka mzima ni KSh 7,200. Ile bima uliyodhani inakugharimu KSh 4,000 kwa mwezi, kumbe inaweza kukugharimu KSh 3,400.

Ili ufike kile kikomo cha KSh 5,000 ungehitaji kulipa ada ya karibu KSh 33,333 kwa mwezi. Wengi wetu hatuko karibu na hapo. Kwa hivyo usiogope kikomo, wewe dai chako.

Hesabu kwa mfano

Tumchukue mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi mjini Nakuru. Mshahara wake ni KSh 60,000 kabla ya makato. Kwa mshahara huo, shilingi yoyote anayoongezwa inaangukia kwenye kiwango cha PAYE cha asilimia 30, kwa sababu kiwango hicho kinaanza mapato yanayotozwa kodi yakishapita KSh 32,333 kwa mwezi. Bosi wake anataka kutoa KSh 4,000 za bima kila mwezi.

Bosi akilipa kampuni ya bima moja kwa moja:
Kilichotoka kwa bosi ni KSh 4,000.
Kilichofika kwa bima ni KSh 4,000.
Mshahara wa mhasibu haujaguswa.

Bosi akiongeza KSh 4,000 kwenye mshahara, na makato yakafanywa inavyotakiwa:
SHIF, asilimia 2.75, ni KSh 110.
Makato ya nyumba, asilimia 1.5, ni KSh 60.
Inayobaki kutozwa kodi ni KSh 3,830.
PAYE, asilimia 30, ni KSh 1,149.
Inayofika mkononi ni KSh 2,681.

Lakini bima bado inataka KSh 4,000. Mhasibu anaongeza KSh 1,319 kutoka kwa mshahara wake wa kawaida. Akidai unafuu wake wa KSh 600, pengo linabaki KSh 719 kwa mwezi. Kwa mwaka ni KSh 8,628. Na hapo tumeiacha NSSF nje ya hesabu. Ikiingia, pesa ya mkononi inapungua zaidi, ingawa ile angalau ni akiba yako ya uzeeni.

Asipodai unafuu, pengo ni KSh 1,319 kwa mwezi, yaani KSh 15,828 kwa mwaka. Bima ileile. Bosi yuleyule. Roho nzuri ileile. Kilichobadilika ni njia tu.

Bosi naye ana faida yake. Kwenye njia ya kwanza halipi ile asilimia 1.5 yake ya nyumba juu ya hiyo KSh 4,000, wala haongezi NSSF yake. Na kwa vyovyote vile ada ya bima ya wafanyakazi ni gharama ya biashara kwake. Kwa hivyo ukienda kuongea naye, huendi kuomba zaidi. Unamwonyesha njia ambayo nyote wawili mnatoka mkiwa na afadhali.

Usidai mara mbili

Hapa watu huteleza, na wengine huteleza wakijua.

Kama mwajiri amelipa moja kwa moja na pesa hiyo haikutozwa kodi, huwezi tena kudai unafuu wa asilimia 15 juu yake. Umeshapata msamaha wote mara moja. Sheria inaruhusu unafuu pale tu ambapo wewe umelipa, au mwajiri amelipa na kiasi hicho kikajumlishwa kwenye mapato yako na kutozwa kodi.

Mfano wa hiyo sehemu ya mwisho ni bima ya maisha. Mwajiri akikulipia bima ya maisha ya kibinafsi kwa faida yako na familia yako, ile haina msamaha kama wa bima ya matibabu. Huhesabiwa kuwa mapato, unatozwa PAYE, na kwa kuwa umetozwa, unadai asilimia 15. Kwa hivyo usifikiri kila kitu kinachoitwa bima kina sheria moja. Uliza: hii ni ya matibabu au ya maisha? Imetozwa kodi au haikutozwa?

Kanuni ni rahisi kukumbuka. Kama haikutozwa kodi, hakuna unafuu. Kama imetozwa kodi, dai unafuu.

Na mkigawana? Tuseme mwajiri analipia wewe, halafu unaongeza watoto wawili na yeye anakukata KSh 1,500 kwenye mshahara. Hiyo KSh 1,500 ni pesa yako, imetoka kwenye mshahara uliotozwa kodi. Unafuu wake ni asilimia 15, KSh 225. Sehemu ya mwajiri usiiguse.

Jambo lingine linalouma kidogo. Unafuu huu unahusu bima yako wewe, ya mke au mume wako, na ya watoto wako. Ukimlipia mama bima kule nyumbani, umefanya la maana sana na baraka utapata, ila KRA haitakupa asilimia 15 kwa hilo.

Na kama mshahara wangu ni mdogo?

Swali zuri, na tusifiche ukweli. Unafuu hupunguza kodi. Kama huna kodi ya kupunguza, unafuu hauna pa kushika.

Chukua mtu wa KSh 20,000 kwa mwezi. Ukishaondoa NSSF, SHIF na ya nyumba, kinachobaki kiko chini ya KSh 24,000, ambako kodi ni asilimia 10. Na kila mkazi hupewa unafuu wa kibinafsi wa KSh 2,400 kwa mwezi, ambao unamaliza kodi hiyo yote. PAYE yake ni sufuri. Sasa akilipa bima ya KSh 1,000 kwa mwezi, ile KSh 150 ya unafuu haitarudi kwake kama pesa. Serikali haikurudishii kodi ambayo hukulipa.

Kwa mtu huyu, mwajiri kulipa moja kwa moja bado ni bora, kwa sababu akipewa taslimu atakatwa SHIF na ya nyumba. Tofauti ni ndogo, KSh 42 na senti kwa kila elfu. Lakini yuko na sababu nyingine kubwa zaidi, na si ya kodi.

Pesa ya bima kwenye simu haikai

Tutasema hili ingawa sisi kazi yetu ni kuwatumia watu pesa kwa simu. Pesa ya bima ikiingia kwenye laini yako, haikai.

Wakati mwingine ulikuwa na deni la mkopo wa simu, na mfumo unalikata pesa inapoingia tu. KSh 4,000 imekuja, KSh 1,700 imeenda hata kabla hujafungua ujumbe. Wakati mwingine ni mtoto ametumwa nyumbani kwa karo, au gesi imeisha usiku. Unajiambia bima utalipa Ijumaa. Ijumaa inapita.

Kampuni ya bima haijui habari za gesi. Ada ikikosa kufika ndani ya muda uliowekwa kwenye mkataba, kinga inasimama. Na unaijua siku ya kuijulia: uko mapokezi hospitalini saa nne usiku, mtoto ana joto kali, na karani anakuambia kwa upole, "Kadi inasema haitumiki." Bosi alituma pesa. Wewe ulipokea. Lakini bima haipo.

Kwa hivyo hata ukiweka kodi kando, pesa inayotoka kwa bosi hadi kwa kampuni ya bima bila kupita kwako inalinda kitu kikubwa kuliko KSh 719.

Jinsi ya kuipanga, hatua kwa hatua

Kama bosi yuko tayari kulipa moja kwa moja:

1. Muombe kampuni ya bima ikupe namba yako ya mkataba na namba yao ya Paybill. Hakikisha kampuni yenyewe imesajiliwa na IRA. Orodha iko wazi kwenye tovuti ya mamlaka hiyo.

2. Mpe bosi hizo namba mbili. Yeye alipe kutoka akaunti au laini ya biashara, si laini yake ya kibinafsi. Kwenye sehemu ya namba ya akaunti aweke namba yako ya mkataba. Kosa la tarakimu moja hapo, pesa inaenda kwa mtu mwingine, na kuirudisha ni safari.

3. Bosi aweke ujumbe wa malipo na risiti ya kampuni ya bima kwenye faili la mishahara la mwezi huo. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Siku ya ukaguzi, hizo karatasi ndizo zitakazosema kwamba hii ilikuwa bima, si mshahara uliofichwa.

4. Muulize kampuni ya bima wakutumie wewe pia ujumbe kila ada inapopokewa. Bosi ni binadamu, anaweza kusahau. Usingoje kujulia hospitalini.

Kama unalipa mwenyewe:

1. Lipa kwa Paybill ya kampuni, kwa namba ya mkataba ulio kwa jina lako. Usimtumie ajenti pesa kwenye namba yake ya kibinafsi, hata akiwa rafiki. Malipo hayo hayatambuliki kirahisi, na mengine hayafiki.

2. Weka jumbe za malipo. Ukizifuta, unaweza kuomba taarifa ya miamala ya mwaka mzima kwenye programu ya simu.

3. Omba cheti cha bima kutoka kampuni ya bima. Hapa tusikudanganye: ujumbe wetu wa malipo unaonyesha pesa ilitoka, lakini KRA inataka cheti. Ndani yake kuna PIN ya kampuni, namba ya mkataba, aina ya bima, tarehe ya kuanza na ada ya mwaka. Hizo ndizo utakazojaza kwenye ritani.

4. Peleka nakala ya cheti kwa anayefanya mishahara kazini. Akiiingiza, unafuu unaupata kila mwezi na PAYE inapungua papo hapo.

5. Kama kazini hawakuiingiza, bado hujachelewa. Wakati wa kujaza ritani kwenye iTax, mwisho wake tarehe 30 Juni, jaza sehemu ya unafuu wa bima. Mfumo utaonyesha kwamba ulilipa kodi zaidi, na hapo unaomba urejeshewe. Ombi la kurejeshewa kodi ya mapato linaweza kufanywa ndani ya miaka mitano tangu kodi hiyo ilipolipwa zaidi. Angalia miaka ya nyuma pia, pengine una yako huko. Ila usichelewe na ritani yenyewe. Faini kwa mtu binafsi ni KSh 2,000 au asilimia 5 ya kodi unayodaiwa, ile iliyo kubwa zaidi.

6. Kabla ya kutuma ritani, linganisha na P9 yako. Fomu hiyo ina safu ya unafuu wa bima. Ukiona kiasi tayari kimeandikwa hapo, jua kazini walishakupa, na unachodai kwenye ritani kilingane nacho.

Maswali tunayoulizwa

Bosi amenitumia pesa ya bima kwa simu miezi sita sasa. Nifanye nini?
Usiingiwe na hofu. Kwanza, ongea naye ili kuanzia mwezi ujao alipe moja kwa moja. Kwa miezi iliyopita, pesa hiyo ni sehemu ya mapato yako, na ni heri aipeleke kwenye hesabu za mishahara mwenyewe kuliko ingoje kugunduliwa. Nawe kama ulilipa bima kweli, kusanya cheti na risiti, unafuu wako upo.

Nililipa bima kwanza, bosi akanirudishia. Hiyo ni njia gani?
Pesa imefika mkononi mwako, kwa hivyo inafanana zaidi na njia ya pili. Mwajiri akitaka msamaha wa bima ya matibabu, njia safi ni yeye kulipa kampuni. Msitengeneze mambo ya kuelezana baadaye.

Nina kazi mbili, zote za nusu siku.
Msamaha wa mwajiri kulipa unamtaja mfanyakazi wa muda wote. Kwako, njia ya kulipa mwenyewe na kudai asilimia 15 ndiyo isiyo na ubishi, mradi una kodi unayolipa.

Nikiwa na bima ya kibinafsi, naweza kuacha SHIF?
Hapana. SHIF ni lazima kwa kila mfanyakazi, uwe na bima nyingine au usiwe nayo.

Jambo moja la kufanya wiki hii

Fungua jumbe zako za pesa za mwezi uliopita. Tafuta ile ya bima. Uliza maswali matatu: nani alilipa, alimlipa nani, na ile pesa ilitozwa kodi au haikutozwa? Ukiweza kuyajibu matatu hayo, umeshajua uko njia gani.

Ukigundua uko njia ya pili, usinune wala usimlaumu bosi. Nenda kwake asubuhi kabla wateja hawajajaa, umwambie hivi: "Bosi, asante kwa ile ya bima. Naomba kuanzia mwezi huu uilipe moja kwa moja kwa Paybill yao, namba yangu ya mkataba ni hii. Kwako haiongezi kitu, na kwangu inafika yote." Sentensi mbili tatu tu. Umpe na karatasi yenye namba, asitafute.

Kumbuka somo hili ni la kuelimisha, na hali ya kila mtu ina mambo yake. Kama yako ina utata, pita ofisi ya KRA iliyo karibu nawe au umuone mshauri wa kodi kabla ya kutuma ritani.

Tukutane somo lijalo. Na ukiwa na mwenzako kazini anayetumiwa pesa ya bima kwa simu, mpitishie hili kabla mwisho wa mwezi haujafika.